"Kesho usije": Sheria ya Uganda inampa nini mfanyakazi wa Nakivale na Mbarara aliyefukuzwa bila notisi?

Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, na katika jiji jirani la Mbarara, kuachishwa kazi aghalabu hakuanzi kwa barua. Huanza kwa sentensi moja inayosemwa langoni au kupitia simu: "Kesho usije." Mlinzi wa usiku, mpishi wa hoteli, mwalimu wa shule binafsi, mkalimani wa shirika la misaada na yaya wa nyumbani wote wameizoea sentensi hiyo, na wengi wao huipokea kana kwamba ni amri isiyo na rufaa.

Sheria ya Uganda haisemi hivyo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri atoe notisi, aeleze sababu na, pale anapomtuhumu mfanyakazi, amsikilize kwanza. Inampa pia mfanyakazi mahali pa kulalamika, lakini muda wa kufanya hivyo ni miezi mitatu tu. Miezi hiyo ndiyo inayowaponyoka wengi, kwa sababu huitumia kumbembeleza mwajiri au kusubiri ahadi ya kurudishwa kazini.

Suala hili limekuwa zito zaidi tangu mwanzoni mwa 2025. Tarehe 20 Januari mwaka huo Rais Donald Trump wa Marekani aliagiza misaada ya nje isimamishwe kwa siku 90, na ndani ya siku chache mashirika yaliyotegemea fedha hizo yakaanza kupunguza watu. Mwezi Mei Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, lilikuwa limewaondoa wakimbizi wapatao milioni moja nchini Uganda katika orodha ya wanaopewa chakula. Kwa Nakivale, yaliyofunguliwa mwaka 1958 na ambayo ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya zamani zaidi barani Afrika, pigo lilikuja mara mbili: mgao ulipungua, na ajira chache zilizokuwa zikiziba pengo la mgao nazo zikapungua.

Je, mkimbizi ana haki ya kudai?

Swali hili linatangulia mengine yote, kwa kuwa mwajiri mwenye nia mbaya hulitumia kama fimbo: "Wewe ni mkimbizi, huna kibali, utanishtaki wapi?"

Sheria ya Wakimbizi ya Uganda, nayo ya mwaka 2006, inamtambulia mkimbizi haki ya kupata nafasi za ajira na kufanya kazi ya kumpatia kipato, na pia haki ya kufika mahakamani. Sheria ya Ajira kwa upande wake inakataza ubaguzi wa kazini kwa misingi ya rangi, jinsia, dini, maoni ya kisiasa, asili ya kitaifa au ya kijamii, ulemavu na hali ya maambukizi ya VVU. Kwa hiyo, Mkongo, Mrundi, Mnyarwanda au Msomali mwenye hadhi ya mkimbizi anaingia katika ofisi ya afisa wa kazi kwa mlango uleule anaopitia Mnyankole. Kwa mwombaji hifadhi ambaye hajapata uamuzi, hali haiko wazi kiasi hicho, na ni vyema amwone mshauri wa sheria kabla ya kufungua malalamiko.

Kutokuwa na mkataba wa maandishi hakufuti haki hizo. Sheria inatambua mkataba wa mdomo, na ni wajibu wa mwajiri kumpa mfanyakazi maelezo ya ajira yake kwa maandishi. Asipofanya hivyo, kosa ni lake. Mfanyakazi wa nyumbani naye yumo ndani ya sheria hii, na miongoni mwa wachache walioachwa nje ni wanajeshi wa jeshi la taifa na jamaa wanaofanya kazi katika shughuli ndogo ya familia.

Notisi ni ya muda gani?

Kipimo ni urefu wa utumishi. Aliyefanya kazi zaidi ya miezi sita lakini hajatimiza mwaka anastahili notisi isiyopungua wiki mbili. Kuanzia mwaka mmoja hadi mitano ni mwezi mmoja, kuanzia mitano hadi kumi ni miezi miwili, na aliyetimiza miaka kumi au zaidi anastahili miezi mitatu. Kuna kipengele ambacho hakijulikani sana: ikiwa kipindi cha malipo ni kirefu kuliko notisi, notisi hulingana na kipindi hicho. Mtu wa miezi saba anayelipwa kila mwisho wa mwezi, basi, hudai notisi ya mwezi, si ya wiki mbili. Aliye katika majaribio huachishwa kwa notisi ya siku 14 au malipo ya siku saba.

Mwajiri anaruhusiwa kulipa fedha badala ya notisi. Akilipa kikamilifu, suala la notisi pekee limekwisha, ingawa suala la sababu linaweza kubaki. Wawili hao hawaruhusiwi, hata hivyo, kukubaliana mapema kwamba notisi haitakuwapo. Karatasi uliyotia saini siku ya kwanza, isemayo kwamba unaweza kuondolewa "wakati wowote bila notisi", haina nguvu mbele ya sheria.

Lugha ya notisi ni haki, si hisani

Hapa pana jambo linalowahusu wasomaji na wasikilizaji wetu moja kwa moja, na nashangaa jinsi linavyotajwa kwa nadra. Sheria inataka notisi iwe ya maandishi, na iwe katika namna na lugha ambayo mfanyakazi anaweza kutarajiwa kuielewa. Inarudia sharti hilohilo kwa maelezo ya tuhuma: mwajiri anayefikiria kumwondoa mtu kwa utovu wa nidhamu au kwa utendaji duni ni lazima amweleze sababu katika lugha anayoielewa, na amjulishe kwamba ana haki ya kuwa na mtu mwingine amchaguaye mwenyewe wakati wa maelezo hayo. Kisha ampe muda wa kutosha wa kujitayarisha, na amsikilize.

Barua ya Kiingereza kizito anayopewa mlinzi kutoka Kivu Kusini, asomaye Kiswahili na Kifaransa tu, inaweza basi kupingwa kwa sababu hiyo. Vivyo hivyo kikao kilichoendeshwa chote kwa Runyankore mbele ya Mrundi aliyekuwa akitikisa kichwa kwa adabu. Anayeitwa kwenye kikao cha namna hiyo aseme tangu mwanzo kwamba haelewi, aombe mkalimani au aje na mtu wake, na aombe ombi hilo liandikwe katika kumbukumbu. Mwajiri asiyefuata utaratibu huu wa kusikiliza hulazimika kumlipa mfanyakazi mshahara halisi wa wiki nne, hata kama baadaye itabainika kwamba sababu ya kumwondoa ilikuwa ya kweli.

Kwetu sisi tunaotafsiri habari, kuna mtego mwingine. Kiingereza cha sheria hii kinatenganisha mambo mawili ambayo Kiswahili cha mitaani hukimeza kimoja ndani ya neno "kufukuzwa". La kwanza ni mwajiri kukomesha mkataba kwa sababu zake, kwa mfano kukosa fedha za mradi. La pili ni kumwondoa mtu kwa kosa lililothibitika. Ukifika mbele ya afisa na kusema tu "nimefukuzwa", anaweza kuandika la pili wakati wewe ulikusudia la kwanza, na hapo umejitwisha kosa ambalo hata mwajiri hakukutuhumu nalo. Eleza kilichotokea hatua kwa hatua: nani alisema nini, lini, na kama sababu yoyote ilitajwa.

Kuna kufukuzwa papo hapo kunakoruhusiwa?

Kupo. Mfanyakazi aliyevunja kwa kiwango kikubwa wajibu wake wa msingi, kama vile kuiba mali ya kazini, anaweza kuondolewa bila notisi. Lakini hata yeye hufaa kusikilizwa kwanza, na mzigo wa kuthibitisha sababu uko mabegani mwa mwajiri. Akishindwa kuithibitisha, sheria huhesabu kwamba kufukuzwa hakukuwa kwa haki. Kama uchunguzi unaendelea, mwajiri anaweza kumsimamisha mfanyakazi kwa nusu ya mshahara, kwa muda usiozidi wiki nne. "Kaa nyumbani mpaka tukuite", bila malipo na bila tarehe, hakumo katika sheria.

Wapo pia wanaotishwa na polisi. Mwajiri hudai kwamba fedha zimepotea, mfanyakazi hushikwa, na akiachiliwa huambiwa kazi imekwisha. Jalada la polisi na malalamiko ya kazi ni mambo mawili tofauti. La kwanza halisimamishi siku za la pili.

Zipo sababu ambazo haziwezi kamwe kuwa halali: ujauzito, kuchukua likizo unayostahili, kujiunga na chama cha wafanyakazi au kukataa kujiunga, asili au dini, kutokuwapo kazini kwa muda kwa ajili ya ugonjwa au jeraha, na kumlalamikia mwajiri. Hii ya mwisho ina maana kwamba mpishi aliyeondolewa kwa sababu alidai mshahara wa miezi miwili iliyopita ana dai juu ya dai.

Mashirika, "wa kujitolea" na posho

Nakivale ina kundi kubwa la watu ambao si wafanyakazi kwa jina. Huitwa wahamasishaji, wakalimani wa jamii au wa kujitolea, na malipo yao huitwa posho. Mradi ukifungwa huambiwa hawana notisi kwa kuwa hawakuwahi kuajiriwa. Jibu halitegemei jina lililoandikwa juu ya karatasi. Linategemea uhusiano wenyewe: je, ulipangiwa saa za kazi, ulisimamiwa, ulilipwa kiasi kilekile kila mwezi, uliadhibiwa ulipochelewa? Kadiri majibu ya "ndiyo" yanavyozidi, ndivyo hoja ya kwamba ulikuwa mwajiriwa inavyopata nguvu. Si hoja rahisi, na wengine hushindwa, lakini si kweli kwamba imefungwa tangu mwanzo.

Kwa walioajiriwa rasmi na shirika lisilo la kiserikali, kukatika kwa msaada wa Marekani ni sababu ya kiuchumi inayoweza kukubalika, lakini haifuti notisi. Shirika linalokusudia kuwaondoa watu wasiopungua 10 ndani ya miezi mitatu kwa sababu za kiuchumi au za kimuundo linatakiwa kumwarifu Kamishna wa Kazi kwa maandishi na kuwajulisha wawakilishi wa chama cha wafanyakazi, ikiwa kipo. Kuambiwa tu kwamba "mfadhili amejiondoa" hakutoshi kuwanyima watu notisi yao.

Umoja wa Mataifa ni habari nyingine. Mashirika yake yana kinga chini ya Mkataba wa mwaka 1946, hivyo afisa wa kazi wa Isingiro hawezi kuiita UNHCR au WFP mbele yake. Watumishi wa UNHCR hupeleka migogoro yao, baada ya taratibu za ndani, kwenye mahakama ya migogoro ya Umoja wa Mataifa, ambayo ina ofisi Nairobi. Wa WFP huishia katika Mahakama ya Utawala ya Shirika la Kazi Duniani, mjini Geneva. Lakini wengi wanaosema "nafanya kazi UNHCR" kwa kweli wameajiriwa na shirika mbia au na kampuni ya ulinzi au ya usafi yenye mkataba na UNHCR. Mwajiri wao ni kampuni hiyo, na kampuni hiyo haina kinga yoyote. Tazama ni jina la nani lililo kwenye hati ya malipo kabla ya kukata tamaa.

Malalamiko hupelekwa wapi?

Hupelekwa kwa afisa wa kazi, yule ambaye wengi mjini humwita leba ofisa. Zingatia mahali kazi ilipofanyika, si mahali unapolala. Aliyefanya kazi ndani ya Nakivale, iwe Base Camp, Juru au Rubondo, huenda makao makuu ya wilaya ya Isingiro. Aliyefanya kazi katika hoteli au kiwanda cha maziwa cha Mbarara, hata kama familia yake inaishi Nakivale, huenda ofisi za Jiji la Mbarara, lililopata hadhi ya jiji Julai 2020. Ukifika na kuambiwa afisa hayupo, uliza ofisi ya maendeleo ya jamii, kwani idara ya kazi kwa kawaida huwa chini yake. Ofisi ya Waziri Mkuu iliyoko kambini na viongozi wa vijiji wanaweza kusuluhisha au kuandika barua ya kukutambulisha, lakini kumweleza kamanda wa makazi si kufungua malalamiko kisheria. Siku zinaendelea kuhesabika.

Anayeweza kulalamika kwa kufukuzwa isivyo haki ni aliyefanya kazi mfululizo kwa wiki zisizopungua 13. Muda ni miezi mitatu tangu tarehe ya kufukuzwa. Aliyeondolewa tarehe 10 Machi awe amefika kabla ya tarehe 10 Juni. Akichelewa, anaweza kuomba apokelewe kwa kueleza sababu ya haki, kama vile kulazwa hospitalini, lakini asijenge nyumba yake juu ya huruma hiyo.

Wakili si lazima. Malalamiko yawe kwa maandishi: jina lako, jina la mwajiri na mahali alipo, tarehe ya kuanza na ya kuachishwa, mshahara, kilichotokea, na unachodai. Omba nakala yenye muhuri na tarehe ya kupokelewa. Afisa kwa kawaida huwaita wote wawili na kujaribu kuwapatanisha kwanza, na mengi huishia hapo. Ikiwa siku 90 zimepita bila uamuzi, mlalamikaji anaweza kulipeleka dai lake Mahakama ya Viwanda. Mahakama hiyo iko Kampala, ingawa majaji wake huwa na vikao vya mikoani, Mbarara ikiwemo. Rufaa dhidi ya uamuzi wa afisa nayo huenda huko.

Mali bila daftari hupotea bila habari, na dai la kazi vilevile. Asiye na mkataba akusanye ujumbe wa malipo uliokuja kwa fedha za simu, picha akiwa na sare, zamu zilizobandikwa ukutani, kitambulisho cha kazini, namba ya NSSF, na majina ya wenzake walio tayari kuthibitisha. Jumbe za WhatsApp zisifutwe, na zipigwe picha kabla simu haijaharibika au kuuzwa. Yule aliyefukuzwa kwa mdomo amwandikie mwajiri ujumbe mfupi siku hiyohiyo: "Leo tarehe fulani umeniambia nisirudi kazini. Naomba barua na sababu." Hata asipojibu, ujumbe huo utabaki kuwa ushahidi wa tarehe.

Fedha kiasi gani?

Tuchukue mfano wa mlinzi wa Mbarara aliyefanya kazi miaka mitatu kwa shilingi 300,000 kwa mwezi, akaondolewa kwa simu bila kusikilizwa. Anaweza kudai mshahara wa mwezi mmoja badala ya notisi, yaani 300,000. Anaweza kudai mshahara halisi wa wiki nne kwa kutosikilizwa. Ikithibitika kwamba kufukuzwa hakukuwa kwa haki, afisa wa kazi anaweza kuamuru fidia ya msingi ya wiki nne, na nyongeza isiyozidi mshahara wa miezi mitatu, ambayo kwake ni 900,000. Anaweza pia kuamuru arudishwe kazini, ingawa kwa kazi za walinzi na wapishi jambo hilo si la kawaida. Aliyefanya kazi miezi sita au zaidi na kufukuzwa isivyo haki anastahili kiinua mgongo. Sheria imeacha hesabu yake kwa makubaliano, lakini pale yasipokuwapo Mahakama ya Viwanda imekuwa ikitumia kipimo cha mshahara wa mwezi kwa kila mwaka, yaani 900,000 nyingine kwa mlinzi wetu. Zaidi ya hayo yapo malimbikizo ya mshahara na siku za likizo ambazo hakuzichukua.

Mishahara na stahiki zilizokwisha kuiva zinatakiwa kulipwa ndani ya siku saba tangu ajira ikome. Hizi hazina mjadala wa haki au si haki: hata mwizi aliyethibitika hulipwa siku alizofanya kazi.

Na tahadhari kuhusu saini. Mwajiri hukuwekea mezani noti za shilingi 200,000 na karatasi isemayo kwamba umelipwa kila kitu na hudai chochote. Mkataba unaoondoa haki zilizomo katika Sheria ya Ajira hauna nguvu, lakini kupigana na saini yako mwenyewe ni kazi ngumu. Ukilazimika kupokea fedha kwa sababu watoto wana njaa, andika pembeni ya saini, kwa lugha yako, kwamba umepokea sehemu tu.

Jambo jingine kuhusu namba za vifungu. Toleo jipya la sheria za Uganda lililoanza kutumika 1 Julai 2024 lilibadilisha mpangilio, na Sheria ya Ajira sasa ni Sura ya 226. Kifungu kinachotajwa katika kijitabu cha zamani huenda kisilingane na anachosoma afisa, ila maudhui ni yaleyale. Bunge lilipitisha marekebisho makubwa ya sheria hii Mei 2023, yakigusa wafanyakazi wa nyumbani na wa mawakala, lakini Rais Yoweri Museveni hakuyatia saini.

Anayehitaji ushauri anaweza kuuliza kwa Mradi wa Sheria kwa Wakimbizi wa Chuo Kikuu cha Makerere, ambao umefanya kazi Mbarara na Nakivale kwa miaka mingi. Ajiandae kwa lugha: Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda tangu marekebisho ya Katiba ya 2005, lakini Katiba inamhakikishia waziwazi mkalimani mshtakiwa wa jinai tu. Katika ofisi ya wilaya utazungumza kwa Kiingereza au Runyankore, au uende na mtu wa kukutafsiria. Mchague asiye na deni wala undugu na mwajiri.

Kabla ya kuondoka kazini omba cheti cha utumishi, ambacho mwajiri analazimika kukitoa ukikiomba. Kagua pia akiba yako ya NSSF. Tangu marekebisho ya 2022, kila mwajiri, hata mwenye mfanyakazi mmoja, anatakiwa kuchangia asilimia 10 na kukata asilimia 5 kwenye mshahara, na makato yasiyofika huko ni dai jingine. Anayehama Uganda moja kwa moja, kama wale wanaopata makazi mapya Canada au Australia, anaweza kuomba akiba yake kwa msingi huo wa kuhama, na ni rahisi zaidi kuomba kabla ya kupanda ndege. Kama shauri lake la kazi bado halijaisha, amwachie mtu anayemwamini hati ya uwakilishi iliyotiwa saini mbele ya wakili au hakimu, pamoja na nakala zote zenye muhuri.